Kumuuguza mgonjwa wa kiharusi



Hapa mtaani kwetu Nuzha, Jeddah, Mswahili akiugua hunipigia simu mimi, kwa kuwa wamesikia naitwa Daktari. Udaktari wangu ni wa isimu, niliusomea Ulaya, na hauwezi kumtibu hata paka. Lakini kuhusu kiharusi nimejifunza kwa gharama, na wiki iliyopita nimeulizwa tena: mzee mmoja kaja Umra, kafikia kwa mwanawe, kaamka upande wa kulia haufanyi kazi. Basi naona bora niandike.

Kiharusi ni sehemu ya ubongo kukosa damu, ama mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama umepasuka. Kwa kumtazama mtu huwezi kujua ni kipi, mpaka apigwe picha ya ubongo. Ndiyo maana kumpa aspirini nyumbani “damu iwe nyepesi” ni kucheza kamari. Kama mshipa umepasuka, umemzidishia. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa hiyo mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hapa Saudia piga 997, Hilali Nyekundu. Usingoje asubuhi wala mtu wa kusoma kombe. (Kombe asomewe baadaye, hakuna aliyekataza.)

Hili la kombe silisemi kwa dharau. Watafiti waliofanya kazi Tanzania miaka ya 2000 walikuta watu wa Dar es Salaam wakikihusisha kiharusi na mashetani na uchawi kuliko watu wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Na Dar ndiko kilikozidi: hesabu ya 2003 hadi 2006, baada ya kusawazisha umri, ilikuwa wagonjwa wapya kama 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Hai kama 109.

Sasa nije kwenye uuguzi wenyewe. Wengi wetu tunadhani tiba ni sindano na vidonge, na uuguzi ni kukaa na mgonjwa tu. Australia walilipima jambo hili. Katika vitengo 19 vya kiharusi jimbo la New South Wales, takriban nusu viliwekewa utaratibu wa wauguzi kufuatilia mambo matatu katika siku tatu za mwanzo: homa, sukari, na kumeza. Matokeo yalichapishwa 2011. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi kwenye vitengo hivyo walikuwa 42 katika kila 100. Kwenye vile vingine, 58. Hapo hapana dawa mpya hata moja.

Hilo la kumeza ndilo linaloniuma. Mama yangu alipatwa Tanga mwaka 2009. Nilifika siku ya tatu, keshatolewa hospitali, amelazwa chali kwenye mto mmoja. Mimi msomi nikashika kijiko nikamnywesha uji. Akakohoa kidogo, nikafurahi, nikasema mama ana nguvu. Kumbe koo lilikuwa limepooza kama mkono, na uji ulikuwa unashukia mapafuni. Alikufa siku ya tisa, kwa nimonia.

Dada mmoja wa Mombasa, muuguzi hapa Jeddah, ndiye aliyenieleza baadaye. Mgonjwa asipewe kitu mdomoni, hata maji, hata kidonge, kabla ya kupimwa kumeza na mtu aliyefunzwa. Hukalishwa wima, awe macho kabisa, apewe maji kijiko kimoja cha chai, kisha asikilizwe. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji, ameshindwa, na atalishwa kwa mpira wa puani kwa muda. Wengine hata hawakohoi, maji yanapita kimya, ndiyo sababu usijaribu mwenyewe. Kazi yako wewe ni kuuliza kabla hajaruhusiwa kutoka: amepimwa kumeza? Na asafishwe kinywa kila siku, hata kama hali kwa mdomo, manake uchafu wa kinywani ndio unaoteremka mapafuni.

Mengine kwa ufupi. Ageuzwe kila baada ya saa mbili au kama walivyoagiza, na ukaguliwe mgongo chini, nyonga na visigino. Ngozi ikiwa nyekundu usiisugue. Mkono uliopooza usiuvute unapomwinua, bega linateguka. Uweke juu ya mto.

La mwisho linagusa fani yangu. Mtu anayejua lugha kadhaa akipigwa kiharusi, lugha zake si lazima ziharibike sawasawa. Tabibu Mfaransa Pitres aliandika tangu 1895 kwamba mara nyingi hurudi kwanza ile aliyoizoea zaidi. Yule mzee wa Umra alikuwa akiulizwa kwa Kiarabu, ambacho alikuwa akikijua vizuri, akakaa kimya, ikaandikwa kwenye faili kuwa amechanganyikiwa. Mwanawe akamwinamia, “Baba, inua mkono wa kushoto.” Akauinua.

Kesho baada ya Alasiri nakwenda kumtazama. Nimeshamwambia mwanawe asije na uji.