Seva Zinazojisimamia na Bili ya Makosa Yake

Mhandisi akiomba nafasi kwenye seva za kampuni huomba zaidi ya mahitaji yake. Ni kama mpishi wa harusi: bora pilau libaki kuliko kuaibika mbele ya wageni. Kwa Google, akiba hizo zikijumlishwa ni mashine nyingi mno zinazokula umeme bure. Mwaka 2020 wahandisi wake walichapisha hesabu. Kazi zilizopangiwa kumbukumbu na binadamu ziliacha asilimia 46 bila kutumika. Zilizopangiwa na programu yao, Autopilot, ziliacha 23.

Hesabu hiyo inaieleza biashara ya seva zinazojisimamia kuliko hotuba yoyote. IBM ilikuwa imehubiri wazo hilo tangu 2001, mkuu wake wa utafiti, Paul Horn, akionya kuwa mifumo ya kompyuta itawashinda wasimamizi wake kwa ugumu. Mwaka 2014 Google ikatoa programu ya Kubernetes, bure kwa yeyote. Unaiambia unataka nakala tano za programu ziwe hewani. Moja ikifa saa nane usiku, inawasha nyingine bila kumwamsha mtu.

Usingizi huo wauzaji wanaujua kuunadi. Hawataji sana kwamba mtambo unaotii upesi hueneza kosa upesi vilevile. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri ya matengenezo ya kawaida ilikata mtandao unaounganisha vituo vya data vya Facebook. Programu ya kuzuia amri za aina hiyo ilikuwa na kasoro, ikairuhusu. Seva zinazoelekeza watu kwenye anwani za kampuni zilipoona hazivifikii vituo, zikajihesabu mbovu na kujiondoa kwenye intaneti, kama zilivyopangwa. Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa 12:40 jioni. WhatsApp, ya kampuni hiyohiyo, ikanyamaza kwa karibu saa sita, pamoja na oda za kila anayeuzia humo. Mafundi nao walikwama, maana zana zao zilitegemea mtandao uleule.

Oktoba 2025 ikawa zamu ya Amazon. Programu mbili zinazosasisha anwani za hifadhidata yake ya DynamoDB zilipishana vibaya, anwani ya kanda ya Virginia ikabaki tupu, na mfumo ukashindwa kujitibu. Ilibidi watu waingilie kwa mikono. Kisha Amazon ikazizima programu hizo duniani kote mpaka zirekebishwe.