Siku ya Kwanza kwa Daktari wa Ulevi



Tunapotembelea vikundi huwa tunaulizwa: "Tukimpeleka mlevi wetu kwa daktari wa akili, atafanywa nini? Atafungiwa?" Wengi wanaogopa kijiji kitamwita mwendawazimu.

Kwanza tukiri kosa letu. Mama mmoja alituomba msaada kwa ajili ya mumewe, aliyekuwa akinywa chang'aa kila siku. Sisi tukamshauri amfungie nyumbani mpaka pombe imtoke. Siku ya pili mzee alitetemeka, akatoka jasho jingi, akaanguka degedege. Alibebwa usiku hadi hospitali. Alipona, lakini ilibaki kidogo tumzike.

Daktari alitueleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafula, ubongo hushtuka. Hatari ni kubwa hasa siku 3 za kwanza. Mtu kama huyo asiachishwe kwa nguvu nyumbani. Apelekwe kwa daktari mapema.

Siku ya kwanza huwa hivi:

1. Maswali. Anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Asubuhi mikono hutetemeka? Amewahi kuanguka degedege? Anatumia bangi, miraa au tembe? Amewahi kufikiria kujiua? Aseme kweli tu. Daktari si chifu wala askari.

2. Kupimwa. Huangaliwa presha, damu na ini.

3. Mpango. Wengine hulazwa siku chache. Wengine hupewa dawa za kutuliza mwili na vitamini B1, wakarudi nyumbani kwenye mtu wa kuwaangalia. Lakini dawa peke yake haitoshi. Lazima arudi kwa mazungumzo, tena na tena.

Mgonjwa asindikizwe na mtu mmoja anayemwamini, siyo kundi la kumshtaki. Abebe dawa zote anazotumia. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, mpate barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Pia simu ya NACADA, 1192, haina malipo.

Mzee yule bado huteleza mara mojamoja. Akiteleza, mama hamfungii tena. Humsindikiza kliniki.

Ya kujadiliana kikundini:
– Ni nani kati yetu anaweza kumsindikiza mgonjwa bila kumtangaza?
– Je, mfuko wa kikundi unaweza kutoa nauli?