Je, Wajua? Lenzi Kuukuu na Pete Iliyojaa Hewa

Je, wajua kwamba lenzi iliyotengenezwa Dresden au Tokyo kabla babu yako hajaoa inaweza kufungwa leo kwenye kamera ya dijitali iliyotoka kiwandani mwezi uliopita, na ikapiga picha ya kukutoa jasho kwa uzuri? Haina betri, haina mota ya kutafuta fokasi, haina hata waya mmoja. Ndani yake kuna vioo, chuma na grisi, basi. Ukitaka fokasi unazungusha pete kwa vidole. Ukitaka kupunguza mwanga unazungusha pete nyingine. Kamera za rika lake nyingi zimebaki mapambo ya rafu. Yenyewe bado inaona.

Siri ya uhai huo ni nafasi. Kila kamera ina umbali wake maalumu kati ya mdomo unaofungwa lenzi na pale picha inapoangukia, iwe ni filamu au sensa. Kamera za zamani zenye kioo ndani, zile zinazolia "kachak!" kioo kinapoinuka, zilihitaji chumba cha kioo hicho kuchezea, kwa hiyo mdomo ulikaa mbali. Nikon F ya mwaka 1959 iliweka milimita 46.5. Lenzi za M42, zinazofungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, zilikuwa na milimita 45.46. Kamera nyingi za sasa hazina kioo hicho, hivyo mdomo umesogea ndani: Sony E ni milimita 18, Nikon Z ni 16 tu. Sasa piga hesabu ya darasa la nne. Toa 18 katika 45.46, unabaki na 27.46. Huo ndio unene wa adapta unayohitaji. Hakuna kioo cha lenzi ndani yake, hakuna ujanja mwingine. Ni pete ya chuma inayorudisha nafasi iliyopunguzwa. Unanunua hewa, na wauzaji wengine wanaitoza bei ya dhahabu.

Hesabu hiyo ikigeuzwa, mambo yanaharibika. Ukitaka kuifunga lenzi ya M42 kwenye Nikon F ya zamani, umbali unazidi kwa milimita moja na chembe. Milimita moja! Lakini inatosha kuifanya lenzi ishindwe kuona mbali: ua lililo mbele yako litatoka safi, mlima ulio nyuma utakuwa uji. Ili kuuokoa mlima lazima adapta iwekewe kioo cha kusahihisha, na kioo hicho kikiwa cha ovyo, kinakula ubora uleule uliokufanya uitafute lenzi ya zamani. Kuna kosa la upande wa pili pia. Niliwahi kununua adapta ya bei chee iliyokatwa nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa. Picha zilitoka vizuri, ila namba za umbali zilizochorwa kwenye lenzi zikawa za uongo: ilipoandika mita tatu, mimi nilikuwa nimesimama kwingine kabisa.

Namba 42 katika M42 ni upana wa mdomo kwa milimita. Mtindo huo ulitoka na kamera ya Contax S huko Dresden mwaka 1949, kisha ukachukuliwa na Praktica, Pentax wa Japani na Zenit wa Urusi. Wakati Vita Baridi imepamba moto, lenzi ya Ujerumani Mashariki ilikuwa ikiingia kwenye kamera ya Kijapani bila kuomba viza.

Je, wajua kwamba lenzi za kwanza za kamera za Canon zilitengenezwa na Nikon? Mwaka 1936 Hansa Canon ilipoingia sokoni, mbele yake palikuwa na lenzi ya Nikkor, kazi ya kampuni ya Nippon Kogaku ambayo leo inaitwa Nikon. Mashabiki wa kambi hizo mbili, wanaotupiana maneno kila uchao, huwa hawapendi kukumbushwa.

Na lenzi hizo za Nikkor hazikupata jina duniani kwa kamera za kampuni yao, bali kwa kufungwa kwenye kamera za wengine. Mwaka 1950 David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alikuwa Tokyo. Mwenzake Mjapani, Jun Miki, alimpiga picha kwa kamera ya Leica iliyofungwa lenzi ya Nikkor. Duncan alipoiona picha alishangaa ilivyo kali, akaenda kiwandani kujionea, na vita vya Korea vilipozuka mwezi Juni mwaka huohuo akaenda huko na vioo vya Kijapani mbele ya mwili wa Kijerumani. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kuchanganya lenzi na kamera ni mchezo wa vijana wa juzi, mwambie asome historia.

Tuje kwa Helios 44, ambayo wengi wanaoanza uraibu huu huinunua kwanza. Ni lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, iliyofuata ramani ya lenzi ya Biotar ya kampuni ya Zeiss, na zilitengenezwa kwa mamilioni kuuzwa pamoja na kamera za Zenit. Wingi huo ndio uliozifanya ziwe za bei ya mtumba. Ukimpiga mtu picha mbele ya majani, ukifungua tundu la lenzi hadi mwisho, majani ya nyuma yanaonekana kama yanamzunguka, mfano wa maji yanayozama kwenye tundu la sinki. Sababu yake ni kwamba karibu na pembe za picha, duara la mwanga linakatwa na kingo za lenzi yenyewe likawa na umbo la jicho la paka, na macho hayo ya paka yanajipanga kuuzunguka uso. Wahandisi waliihesabu hiyo kuwa kasoro. Leo ndiyo inayoiuza. Angalizo moja: kamera yako ikiwa na sensa ndogo, inazikata pembe hizo, na kizunguzungu chote ulichokinunua kinabaki nje ya picha.

Kasoro hiyo ina ukoo mrefu. Mwaka 1840, mjini Vienna, mwanahisabati Joseph Petzval alibuni lenzi iliyopigiwa hesabu mahususi kwa ajili ya picha za watu. Kompyuta hazikuwepo. Mwanamfalme Ludwig alimkopesha askari wa kikosi cha mizinga, watu waliozoea kukokotoa njia ya kombora hewani, wakaketi kukokotoa njia ya mwanga ndani ya kioo. Lenzi iliyozaliwa ilipitisha mwanga mwingi mno kuliko zilizoitangulia, na anayepigwa picha hakulazimika tena kukaa kama gogo kwa dakika kadhaa. Katikati ilikuwa kali kama wembe, pembeni ikavurugika na kuzunguka. Mwaka 2013 kampuni ya Lomography ilipotangaza kuitengeneza upya, watu mtandaoni waliichangia zaidi ya dola milioni 1.3. Walikuwa wanachangia ule uvurugikaji wa pembeni. Ukali wa katikati hata simu inao.

Nyingine ya Kisovieti, Industar-61 L/Z, ukilibana tundu lake kiasi, taa za nyuma zinageuka nyota zenye pembe sita. Vibamba vyake vya tundu vilikatwa hivyo. Watu wanaitumia msimu wa sikukuu, kisha wanaisahau hadi mwaka unaofuata.

Je, wajua kwamba baadhi ya lenzi zina mionzi? Si hadithi ya kutisha watoto. Kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1970 viwanda kadhaa vilichanganya madini ya thoriamu kwenye kioo, kwa sababu kioo cha namna hiyo kinaupinda mwanga vizuri bila kuutawanya rangi zake. Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4 ni maarufu kwa hilo. Miaka inavyopita, mionzi hiyo inakigeuza kioo chenyewe rangi, kikawa kama chai ya rangi iliyokolea, na picha zikatoka na unjano. Dawa yake ni jua. Lenzi ikiachwa mahali penye mwanga wa jua kwa siku nyingi, unjano hupungua na pengine kwisha. Lakini usiiache ikitazama pazia au karatasi, maana lenzi haisahau kazi yake na inaweza kuwasha moto. Wala usiiache ikaungua kwa joto, grisi ikayeyuka na kutambaa hadi kwenye vibamba vya tundu. Kwa aliye nyuma ya kamera mionzi hiyo ni hafifu. Usikisage kioo hicho, na usikifanye miwani. Thoriamu inahitaji takriban miaka bilioni 14 ili nusu yake ioze, kwa hiyo usisubiri ipoe.

Si kila lenzi kongwe hurithiwa kwa pete ya bei rahisi. Mwongozaji Stanley Kubrick alipotaka kupiga baadhi ya sehemu za filamu yake ya Barry Lyndon, iliyotoka 1975, kwa mwanga wa mishumaa tu, alinunua lenzi 3 za Zeiss Planar f/0.7. Zeiss walikuwa wametengeneza 10, na 6 zilikwenda kwa shirika la anga la Marekani, NASA. Tatizo ni kwamba kioo chake cha nyuma kilitaka kukaa karibu kabisa na filamu, umbali wa milimita chache. Hapo adapta haina nafasi ya kupita. Ilibidi kamera yenyewe ichongwe, na baada ya hapo haikufaa tena kwa lenzi za kawaida.

Wapiga picha wanaouita ule ulaini wa nyuma ya picha "bokeh" wanatumia neno la Kijapani lenye maana ya ukungu. Liliingia kwenye magazeti ya picha ya Kiingereza mwaka 1997. Sisi neno letu ni lilelile moja kwa mambo mawili: ukungu unaopendezesha picha na ukungu unaoota juu ya mkate. Na huu wa pili ndio adui wa lenzi katika pwani yetu. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa imejaa unyevu, na lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wake wa ngozi kabatini imewekewa kitanda. Ngozi inashika unyevu, giza linausaidia ukungu, na baada ya muda unaona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo. Ukiachwa sana, hutoa asidi inayokichora kioo, na hapo hata fundi hodari hawezi kukirudisha. Lenzi itoe ngozini. Iweke kwenye boksi lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uitumie mara kwa mara. Lenzi inayoona jua haiugui ovyo.

Kabla hujainunua, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Vumbi kidogo si neno. Mchubuko mdogo mbele hauonekani kwenye picha. Nyuzi za buibui, rudisha.

La mwisho linamhusu Mwingereza Harold Dennis Taylor, fundi wa lenzi. Katika miaka ya 1890 aligundua kwamba lenzi zake za zamani, zilizoingia kutu ya rangi juu ya kioo, zilikuwa zinapitisha mwanga mwingi kuliko mpya zinazong'aa. Kioo kisicho na kitu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga kila unapokiingia au kukitoka, na ule utando mwembamba wa uzee ulikuwa unaupunguza upotevu huo. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss akapata njia ya kuweka utando kama huo kwa makusudi, na ndio unaokipa kioo cha lenzi mng'ao wa zambarau au samawati hadi leo. Kwa hiyo ukiikuta lenzi ya zamani kabatini ina rangi hiyo juu ya kioo, chonde chonde, usiisugue.