Kabla hajaruka teke, mwonyeshe ndoo za maji

Muulize baba aliyekulia kwenye mabanda ya video ya Jangwani na Kariakoo kuhusu picha za Kichina. Huenda atakumbuka steringi mwenye kipara anayebeba ndoo za maji, mikono ameinyoosha pembeni na visu vimefungwa chini yake. Akiishusha kidogo tu, vinamchoma ubavuni.

Picha hiyo ni The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, na steringi ni Gordon Liu. Jina la mwongozaji, Lau Kar-leung, wachache walilijua. Bandani aliyevuma ni mtafsiri, watu kama marehemu Lufufu, waliompa kila Mchina Kiswahili cha uswahilini.

Lau hakujifunzia ngumi studio. Baba yake, Lau Cham, alikuwa mwalimu wa kung fu, na Gordon Liu mwenyewe alifundishwa na mzee huyo. Kwa miaka mingi Lau alipanga mapigano kwenye picha za waongozaji wengine wa kampuni ya Shaw Brothers, hadi mwaka 1975 alipoongoza ya kwake ya kwanza. Labda ndiyo maana picha yake maarufu inatumia muda mrefu kwenye mazoezi kuliko kwenye ugomvi. San Te anaingia hekaluni akiwa na hasira ya kulipiza kisasi. Anapewa kazi za kawaida kwanza. Anapoanza mafunzo, anakimbilia chumba cha juu kabisa, anashindwa, anarudishwa cha chini: kuvuka maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea ili afike kwenye chakula. Anatumbukia tena na tena.

Sehemu hiyo ndiyo watoto wa leo hawaioni. Kwenye simu ya mama zinafika sekunde thelathini za mateke tu, na mtoto anayarudia akiruka kutoka kitandani, chini kuna vigae. Kuna pia chumba ambamo San Te anagonga mifuko ya mchanga kwa kichwa. Hicho mwanao asikijaribu hata kwa utani. Mtoto aliyegonga kichwa kisha akatapika zaidi ya mara moja, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa au akalalamika kichwa kinazidi kuuma, apelekwe hospitali mara moja, hata kama hana jeraha. Kumkanda na kumlaza usubiri asubuhi ni hatari.

Kumnyang'anya simu hakusaidii sana. Ataitazama kwa jirani. Itazameni nzima pamoja, kwa sababu ina visa vya kikatili vinavyohitaji mtu mzima pembeni, na mwachie ajaribu zoezi la ndoo, zikiwa na maji kidogo, visu hapana.

Lau alifariki Juni 2013 baada ya kuugua saratani kwa miaka mingi. Gordon Liu alipata kiharusi mwaka 2011. Chumba cha 36, kwa wasioifikia mwisho, hakimo hekaluni: San Te anakifungua nje, kuwafundisha watu wa kawaida.