Kombe la vijana si tiketi ya ukubwani

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka kujibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, kwa barua na hata njiani: yule binti wa Kenya aliyeshinda Wimbledon ameishia wapi? Swali lenyewe huulizwa kwa sauti ya kulalamika kidogo, kana kwamba binti huyo alikabidhiwa dhamana akaitupa. Mimi naliona swali ni zuri, ila anayeulizwa siye anayestahili kulijibu. Ili tuelewane, tuanze na mchezo wenyewe.

Mwezi Julai mwaka 2022, katika viwanja vya majani vya Wimbledon, London, wasichana wanne walikutana katika fainali ya vijana ya wachezaji wawili wawili. Upande mmoja alikuwa Angella Okutoyi wa Kenya, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walikuwa Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza kwa 3-6, wakachukua ya pili kwa 6-4, kisha wakashinda seti fupi ya kuamua kwa 11-9. Kwa ushindi huo mwembamba, Kenya ikapata bingwa wake wa kwanza wa vijana katika yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani yanayoitwa Grand Slam.

Sasa turuke miaka mitatu. Tarehe 7 Agosti 2025, mjini Montreal, mmoja wa wasichana wale wanne alinyanyua kombe la wakubwa na kukabidhiwa kitita cha dola 752,275. Hakuwa Okutoyi, wala hakuwa Nijkamp. Alikuwa Victoria Mboko, mmoja wa wale walioshindwa siku ile London. Umri wake siku hiyo ulikuwa miaka 18.

Je, imekuwaje aliyeshindwa akatangulia? Mwepesi wa kusema atajibu kwamba huyu ana kipaji na yule hana. La hasha. Kipaji kilionekana pande zote mbili za wavu. Jibu liko katika njia inayomtoa kijana kwenye mashindano ya rika lake na kumfikisha kwenye mchezo wa kulipwa. Njia hiyo wengi wetu hatuifahamu, kwa sababu televisheni hutuonyesha mwanzo wake na mwisho wake tu.

Mashindano ya vijana yana orodha yake ya ubora, ambayo ni mbali kabisa na ile ya wakubwa. Mchezaji huruhusiwa kushiriki hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 18. Ubingwa wa vijana, hata ule wa Wimbledon, huleta kombe na heshima, lakini haulipwi fedha wala haumpi mshindi nafasi miongoni mwa wakubwa. Siku anapovuka umri huo, bingwa wa vijana huanza upya, kama mwanafunzi aliyefaulu darasa la saba kwa alama za juu na bado hana shule ya sekondari ya kwenda.

Darasa la kwanza la ukubwani ni mashindano madogo ya kulipwa yanayosimamiwa na Shirikisho la Tenisi la Kimataifa. Kwa wanawake hupangwa kwa namba: 15, 35, 50, 75 na 100. Tangu mwaka 2024 namba hizo huonyesha pointi anazopata mshindi. Juu yake kuna mashindano ya chama cha wachezaji wanawake wa kulipwa, ambayo huishia kwenye daraja la pointi 1,000. Kileleni kabisa ziko Grand Slam, ambazo bingwa wake hupata pointi 2,000.

Hebu tupige hesabu. Mchezaji anayetaka kukusanya pointi 1,000 kwa kushinda mashindano ya daraja la 35 itambidi ashinde mara 28 na zaidi kidogo. Katika daraja la 15, itambidi ashinde mara 67. Tena daraja hilo la chini lina dola 15,000 tu kwa mashindano mazima, na fedha hizo hugawanywa kwa makumi ya wachezaji. Bingwa mwenyewe haondoki hata na dola 3,000. Anayetolewa mzunguko wa kwanza hupata kiasi kisichomlipia chumba cha wiki moja, na bado hujagusa nauli ya ndege, mshahara wa kocha, wala kufunga nyuzi mpya za raketi. Kwa maneno mengine, kijana hulipa ili aende kazini, na hali hiyo inaweza kuendelea miaka mingi.

Hapo ndipo mahali anapoishi mtu panapoanza kuamua. Kwa miaka mingi mashindano ya daraja la 15 yamekuwa yakiandaliwa wiki baada ya wiki huko Monastir, Tunisia, na Sharm el-Sheikh, Misri. Msichana wa Tunis hupanda gari asubuhi na kurudi kwao akimaliza. Msichana wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hupanda ndege, kwa sababu katika Afrika Mashariki mashindano kama hayo huandaliwa kwa nadra. Akishindwa siku ya kwanza, gharama ni ile ile.

Turudi sasa kwa Mboko. Wazazi wake ni watu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliohamia Amerika ya Kaskazini. Yeye alizaliwa tarehe 26 Agosti 2006 huko Charlotte, Marekani, akalelewa Kanada, akiwa kitinda mimba katika nyumba ambayo kaka na dada zake nao walicheza tenisi. Siku ya fainali ile ya London alikuwa na miaka 15, wakati Okutoyi alikuwa ametimiza 18. Tofauti hiyo tuishike. Kwa Okutoyi, mlango wa vijana ulikuwa unafungwa mwaka ule ule. Mboko alikuwa bado na muda wa kukua, kukosea na kuumia. Na kweli aliumia: maumivu ya goti yalimweka nje kwa miezi.

Mwaka 2025 alianza akiwa nje ya wachezaji 300 bora duniani. Hakuanzia Melbourne wala Paris. Alikwenda kwenye mashindano ya daraja la 35 katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe, ambako watazamaji huhesabika. Alishinda michezo 22 mfululizo na kutwaa vikombe vinne. Vikombe hivyo vinne, ukijumlisha, ni pointi 140 tu, lakini pointi hizo ndizo zilizomfungulia milango ya juu. Mwezi Mei huko Rome alikutana na Coco Gauff wa Marekani, akashinda seti ya kwanza na kupoteza mbili zilizofuata. Kisha akapita hatua ya mchujo ya mashindano ya Ufaransa na kufika mzunguko wa tatu.

Mwezi uliomalizika kwa kombe la Montreal, waandaaji walimpa nafasi ya mwaliko, naye alikuwa wa 85 duniani. Safari hii Gauff alifungwa 6-1, 6-4. Katika nusu fainali Mboko alipoteza seti ya kwanza kwa 1-6 mbele ya Elena Rybakina, akanusurika pointi moja ya kumtoa, akashinda. Katika fainali alianza kwa kufungwa 2-6 na Naomi Osaka, kisha akazichukua seti mbili zilizobaki kwa 6-4 na 6-1. Kutoka nafasi ya 85 akapanda hadi ya 24.

Naomba msikilizaji uangalie neno moja hapo: mwaliko. Mashindano ya Montreal huandaliwa na chama cha tenisi cha Kanada chenyewe, na chama hicho ndicho kinachogawa nafasi hizo. Kanada pia ina kituo cha taifa cha mafunzo katika mji huo huo. Mboko alishinda kwa mkono wake, hilo halina ubishi. Lakini mlango ulikuwa nyumbani kwao, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa watu wanaomjua.

Okutoyi naye? Huyu alizaliwa Januari 2004, yeye na pacha wake, na mama yao akafariki katika uzazi. Walilelewa na bibi yao, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule moja ya msingi jijini Nairobi, na hapo shuleni ndipo walipoishika raketi. Baada ya ushindi wa London alichagua njia nyingine, akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani. Huko mchezaji hupata kocha, uwanja, daktari na michezo mingi kila msimu, na juu ya hayo anasoma. Machi 2024 alitwaa medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana. Kwa hiyo anayeuliza ameishia wapi, ajue kwamba binti hakuishia popote. Alikuwa anapanda kwa ngazi nyingine.

Ngazi hiyo ya chuo wala si ya waliokata tamaa. Danielle Collins alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2014 na 2016, na mwaka 2022 akacheza fainali ya mashindano ya Australia. Emma Navarro alikuwa bingwa wa vyuo mwaka 2021, na mwaka 2024 akafika nusu fainali ya mashindano ya Marekani.

Tena kupanda kwa haraka nako kuna hatari yake. Jennifer Capriati wa Marekani aliingia mchezo wa kulipwa Machi 1990 kabla hajatimiza miaka 14, na mwaka ule ule akafika nusu fainali ya Ufaransa. Mwaka 1992 alitwaa dhahabu ya Olimpiki. Mwishoni mwa 1993 alikuwa ameondoka uwanjani, amechoka, akaingia katika misukosuko ya maisha iliyowasikitisha wengi. Alirudi na kushinda mashindano ya Australia mwaka 2001, lakini miaka mizuri ilikuwa imepotea. Kuanzia mwaka 1995 wasimamizi waliweka kanuni ya umri: mchezaji wa chini ya miaka 18 ana kikomo cha mashindano ya kulipwa anayoweza kucheza kwa mwaka, na kikomo hupanda kadiri anavyokua.

Mfano wa subira tunao hapa hapa Afrika. Ons Jabeur wa Tunisia alishinda ubingwa wa vijana wa Ufaransa mwaka 2011 akiwa na miaka 16. Kombe lake la kwanza la daraja la juu la wakubwa alilipata mwaka 2021. Miaka kumi! Mwaka 2022 alicheza fainali ya wakubwa pale Wimbledon, wakati ule ule Okutoyi alipokuwa akitwaa kombe lake la vijana.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msemo huo hatukawii kuwapiga nao vijana wetu waliong'ara wakatoweka. Katika jambo hili mimi nasema hapana. Mara nyingi mgema hakuharibu tembo. Alinyimwa kamba ya kupandia mnazi. Tunampokea kijana uwanja wa ndege kwa ngoma na mashada, viongozi wanapiga naye picha, kisha mwezi unaofuata anatafuta peke yake nauli ya kwenda Monastir.

Kinachotakiwa hakihitaji mabilioni. Mashindano mawili au matatu ya daraja la 15 katika kila nchi yetu kila mwaka, yakipangwa kwa kufuatana ili mchezaji atoke Nairobi aende Kampala na Dar es Salaam kwa basi, yangewapa mabinti wetu pointi za mwanzo wakiwa nyumbani. Makampuni yanayopenda kuweka majina yao kwenye fulana za mabingwa yangeweza kulipia mashindano ya namna hiyo, na yasisubiri kombe ndipo yajitokeze. Vyama vya michezo navyo viandike mpango wa miaka mitano kwa kila kijana anayefuzu, na viuheshimu hata wakati anaposhindwa mzunguko wa kwanza.

Basi, safari nyingine utakaposikia kijana wetu ameshinda kombe la vijana, shangilia, tena kwa nguvu. Halafu waulize viongozi wa chama chake: mwezi ujao anacheza wapi, na nauli yake imelipwa na nani? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.