Jeraha la Mamba: Ishara ya Mnyama na Unyonge wa Nafsi katika Kanda Mseto ya Doechii

Matumizi ya mnyama kama ishara yana mizizi ya kale katika fasihi simulizi ya Kiafrika. Katika majigambo, mtunzi hujifananisha na mnyama mkali ili kutangaza ushujaa wake. Muziki wa rapu wa Marekani nao umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kujigamba. Swali linalozuka ni hili: je, ishara hiyohiyo ya ukali yaweza kubeba unyonge wa mtunzi?

Mfano unaofaa ni kanda mseto iitwayo Alligator Bites Never Heal, iliyotolewa tarehe 30 Agosti 2024 na Doechii, rapa wa kike mzaliwa wa Tampa, Florida. Kanda hiyo yenye nyimbo 19 ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rapu mwezi Februari 2025. Florida ni jimbo lenye vinamasi vingi, na mnyama anayetajwa katika anwani ni jamaa wa mamba mwenye pua pana, ambaye kwa Kiswahili huitwa mamba vilevile. Kwa msanii anayejiita binti mfalme wa kinamasi, mnyama huyo ni alama ya kwao.

Kwa mtazamo wa juu juu, anwani ni tishio: aumwaye na mamba haponi. Hata hivyo, wimbo "Denial Is a River" wabadili maana hiyo. Humo nafsineni anajibizana na sauti inayomhoji mithili ya mganga wa nafsi. Anasimulia usaliti wa mpenzi, hasira, na ulevi uliofuatana na umaarufu. Mwishoni anaelekezwa kuvuta pumzi ili atulie. Anwani ya wimbo ni mchezo wa sauti: neno la Kiingereza lenye maana ya kukana ukweli hukaribiana kimatamshi na jina la mto Naili, makazi mashuhuri ya mamba.

Hapa sarufi ya Kiswahili yatoa mwanga. Anwani ya Kiingereza yataja kuuma, hivyo mamba ni mtenda tu. Ikifasiriwa "jeraha la mamba haliponi", kihusishi "la" huzaa utata: jeraha laweza kuwa lile alilolitia mamba, au lile alilolipata mamba mwenyewe. Kwa mfasiri, utata huo ungehesabiwa kuwa kasoro. Katika kanda hii ndio kiini cha ujumbe, kwani nafsineni ndiye aumaye na ndiye aliyeumwa.

Jalada lathibitisha usomaji huo. Msanii amempakata mamba mweupe, na kupakata ni kitenzi ambacho Waswahili hukitumia hasa kwa mtoto. Mnyama wa majigambo hakufukuzwa, amewekwa mapajani. Mhakiki anayeyahesabu majigambo ya rapu kuwa makelele matupu hulisikia meno, asilione jeraha.