Kizunguzungu cha kurusha ndege ukiwa kitini: Mwili huzoea, ila usiulazimishe

VIJANA wanaosomea urubani, pamoja na watu wengine wengi wanaotaka tu kujifurahisha, siku hizi hurusha ndege kwa kompyuta nyumbani. Programu hizo zinazoiga urubani huitwa simuleta. Anayeanza hutumia vitufe vya kibodi kutazama kushoto na kulia. Baadaye husikia kwamba kuna kifaa cha kufuatilia kichwa, nacho ni kamera ndogo inayowekwa juu ya skrini na kuangalia vibandiko vinavyong'aa vilivyobanwa kwenye kofia. Kichwa kikigeuka, picha ya nje ya ndege nayo hugeuka.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Baada ya dakika kumi hivi mate humjaa kinywani, jasho baridi hutoka kwenye paji la uso, miayo isiyo ya usingizi humjia mfululizo na tumbo huanza kupanda. Ni hali ile ile inayompata msafiri anayesoma gazeti ndani ya matatu kwenye barabara yenye kona nyingi, au aliyelewa bahari akiwa ndani ya mashua.

Wengi hukitupa kifaa papo hapo. Mwanafunzi wa urubani naye huingiwa na hofu kubwa zaidi: ikiwa ndege ya mezani inamchafua roho, ya kweli itamfanyaje? Hofu hiyo haina msingi. Ili kujua kwa nini, yafaa kwanza tuelewe jinsi sikio na jicho vinavyoshirikiana.

JARIBIO LA GAZETI

Shika ukurasa huu mbele ya macho, kisha uutikise haraka kushoto na kulia huku kichwa kimetulia. Maandishi yatavurugika, hutaweza kuyasoma. Sasa ukurasa utulie, nawe utikise kichwa kwa kasi ile ile. Maajabu! Maandishi yanasomeka.

Tofauti hiyo hutokana na sikio la ndani. Humo mna mifereji mitatu midogo yenye umbo la nusu duara na iliyojaa majimaji, ambayo hupima jinsi kichwa kinavyozunguka. Kando yake mna vijiwe vidogo sana vya chokaa vinavyopima mwinamo wa kichwa na mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu au chini. Kichwa kinapogeuka kulia, mifereji hupeleka habari kwenye ubongo, na macho husukumwa kushoto kwa kipimo kile kile, bila wewe kuamua lolote. Kazi yote hiyo huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndiyo sababu dunia haitikisiki unapotembea.

Kipimo hicho hakikuchongwa kwenye jiwe. Ubongo hukirekebisha maisha yote. Aliyepata kuvaa miwani mipya anajua: siku ya kwanza sakafu huonekana kama inapanda, ngazi hupoteza kina, na kichwa huuma. Lenzi hukuza au kupunguza picha kwa asilimia chache tu, lakini macho sasa yanapaswa kusogea zaidi au pungufu ya walivyozoeshwa. Baada ya siku kadhaa mvaaji husahau kabisa kwamba ana miwani. Mwaka 1897, mwanasaikolojia George Stratton wa Marekani alichapisha taarifa ya jinsi alivyovaa kwa siku nane lenzi iliyogeuza kila kitu juu chini. Siku za mwanzo zilikuwa za kujigonga na kukosea kila alichotaka kushika. Mwishoni alikuwa akitembea na kushika vitu bila taabu kubwa.

Basi linganisha asilimia hizo chache za miwani na kinachodaiwa na kifaa cha kufuatilia kichwa. Rubani wa mezani hawezi kugeuza kichwa sana, maana akigeuka mno hataiona skrini. Kwa hiyo programu huukuza mwendo wake. Akigeuza kichwa digrii 30, picha inaweza kugeuka digrii 180, hata akaona mkia wa ndege yake. Hiyo ni mara sita! Isitoshe, maishani tunapotaka kutazama kulia, macho hutangulia kulia na kichwa hufuata. Hapa kichwa kinakwenda kulia ilhali macho yanapaswa kubaki kwenye skrini, yaani upande wa kushoto wa uso. Mazoea yaliyoanza utotoni yanavunjwa kwa jioni moja, na ubongo haufurahi.

WALIOBOBEA NDIO HUUMIA ZAIDI

Tatizo hili halikuletwa na michezo ya kompyuta. Mwaka 1957 watafiti Havron na Butler waliripoti kwamba mtambo wa kufundishia urubani wa helikopta huko Marekani ulikuwa ukiwachafua roho watumiaji wake. Jambo lililowashangaza wengi katika uchunguzi uliofuata ni kwamba walimu, marubani wenye saa nyingi angani, waliugua kuliko wanafunzi. Mwalimu anajua helikopta ikiinama mwili huhisi nini. Macho yake yalipoona mwinamo, ubongo ulingoja habari kutoka sikioni, nazo hazikuja. Mwanafunzi hakuwa akingoja chochote.

Maelezo hayo ya kukosana kwa hisi ndiyo yanayokubaliwa na wataalamu wengi, hasa tangu James Reason na mwenzake Brand walipoyaandikia kitabu mwaka 1975. Kuna wanaosema kwamba tatizo hasa ni mwili kushindwa kujisawazisha. Hata hivyo, jambo moja halina ubishi: watu ambao masikio yao ya ndani hayafanyi kazi kabisa hawalewi bahari. Watafiti wa Marekani walithibitisha hivyo katika miaka ya 1960 kwa kuwachukua watu wa aina hiyo baharini wakati wa dhoruba. Wao walitulia, waliokuwa na masikio mazima wakatapika.

Kwa hiyo mwanafunzi anayechafukwa roho mbele ya skrini asidhani ana kasoro. Sikio lake linafanya kazi vizuri. Hata wale wanaougua katika ndege halisi mara nyingi hupona kwa mazoezi. Jeshi la anga la Uingereza limewahi kuwarudisha angani wengi wa wanafunzi wake wa aina hiyo kwa kuwazoesha kidogo kidogo kwenye kiti kinachozungushwa.

KUZOEA BILA KUUMIA

Wenye simuleta hupenda kushauriana kwamba dawa ni kukaza moyo na kuendelea mpaka kichefuchefu kichoke. Huo ni ushauri mbaya. Ubongo hujifunza haraka kuhusisha kichefuchefu na kilichokileta, kama vile mtu aliyewahi kuumwa na tumbo baada ya kula samaki anavyochukia hata harufu yake. Anayejilazimisha huweza kufika mahali akachafukwa roho kwa kukivaa tu kile kikofia.

Njia bora ni vipindi vifupi. Anza na dakika 10 au 15, ukiwa umepumzika na tumbo halina njaa wala halijashiba mno, kisha uache mpaka kesho yake. Dalili za mwanzo ni za kuheshimiwa: miayo, mate mengi, joto la ghafla usoni. Zione tu, simama. Usingoje tumbo. Ubongo huendelea kuyapanga mambo hata baada ya kompyuta kuzimwa, na wengi hukuta kipindi cha nne au cha tano ni chepesi kuliko cha kwanza. Ongeza dakika polepole.

Kipimo cha kukuza nacho kianzie chini. Programu karibu zote, ikiwemo Opentrack ambayo haiuzwi, humruhusu mtumiaji kuchora mwenyewe jinsi picha itakavyofuata kichwa. Weka sehemu tulivu katikati, ambapo kichwa kikisogea kidogo picha haitikisiki. Kichwa cha binadamu hakitulii kamwe. Pumzi hukisogeza, hata mapigo ya moyo hukisogeza, na mtetemo huo ukikuzwa mara sita dashibodi nzima ya ndege hucheza mbele ya macho. Kisha mwendo uongezeke taratibu kuelekea kando. Ukishapata kipimo kinachokufaa, kiache! Kuna watu ambao kila jioni hubadilisha vipimo wakitafuta kilicho bora, na kila badiliko ni miwani mipya kwa ubongo.

Jihadhari pia na kulainisha mwendo kupita kiasi. Kulainisha huondoa mtetemo, lakini huichelewesha picha, na picha inayochelewa nyuma ya kichwa ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya kichefuchefu. Kati ya mtetemo kidogo na ucheleweshaji, afadhali mtetemo. Kompyuta dhaifu inayokatakata picha huleta madhara hayo hayo, na hapo hakuna mazoezi yatakayosaidia mpaka umepunguza uzuri wa mandhari ili picha zipite kwa haraka. Jua la alasiri likiingia dirishani huweza kuipofusha kamera, na picha ikaruka ghafla. Funga pazia.

Lakini taa ya chumba isizimwe. Wengi hupenda giza ili wajione wako angani kweli. Kuta, meza na dirisha vinavyoonekana kandokando ya skrini huuambia ubongo kwamba mwili umetulia, na ndiyo sababu kifaa hiki husumbua kidogo kuliko ile miwani mikubwa inayofunika macho yote. Miwani hiyo haikuzi mwendo, kichwa kikigeuka digrii 30 picha hugeuka digrii 30, na kwa upande huo ni rafiki wa sikio. Ubaya wake ni kwamba ndege inapoinama, dunia yote anayoiona mtu huinama ilhali kiti chake hakikusogea. Si vya kuchezea tu, kwani mwezi Aprili mwaka 2021 shirika la Ulaya linalosimamia usalama wa ndege, EASA, liliidhinisha kwa mara ya kwanza mtambo wa mafunzo ya helikopta unaotumia miwani ya namna hiyo.

SHINGO, MACHO NA SAFARI YA KURUDI NYUMBANI

Shingo haisemwi sana, nayo huumia. Anayetafuta uwanja wa ndege upande wa kushoto hushikilia kichwa nusu kimegeuka kwa dakika nzima, na misuli ya shingo na mabega hukakamaa. Kila kifaa kina kitufe cha kurudisha katikati. Kitumie mara kwa mara, ukiwa umeketi wima na kidevu hakijatangulia mbele. Skrini iwe mbele yako hasa, ukingo wake wa juu ukilingana na macho. Miwani mikubwa huwa na uzito wa karibu nusu kilo, mzigo wote ukiwa mbele ya uso, hivyo anayeumwa na shingo asiivae kwa muda mrefu. Macho nayo husahau kupepesa mbele ya skrini na kukauka. Inua macho utazame mbali kila baada ya dakika 20.

Jambo ninaloona halipewi uzito unaostahili ni saa zinazofuata. Ubongo uliokubali kanuni mpya huchukua muda kurudia ya zamani, na kwa baadhi ya watu kizunguzungu au kuyumba hujitokeza baada ya simuleta kuzimwa, pengine saa kadhaa baadaye. Majeshi ya Marekani yamekuwa na utaratibu wa kuwaweka marubani chini kwa muda baada ya simuleta, hasa waliopata dalili. Hapa kwetu mwanafunzi anaweza kukesha mbele ya kompyuta, kisha alfajiri akapanda bodaboda yake kwenda Uwanja wa Wilson kwa somo la angani. Aliyechafukwa roho asiendeshe gari wala pikipiki mpaka awe sawa kabisa, na asirushe ndege siku hiyo. Akifika shuleni amwambie mwalimu wake wazi. Waliokwisha kuzoea vyema hupata nafuu nyingine: kama mtu anayevaa miwani ya kusomea na kuivua, ubongo wao hujifunza kuwa na kanuni mbili na kuhama kutoka moja hadi nyingine.

Dawa za safarini zinazouzwa madukani huzuia kutapika, lakini nyingi huleta usingizi, tena huweza kuchelewesha kule kuzoea kwenyewe. Rubani au mwanafunzi asizimeze bila kumwuliza daktari anayempima kwa leseni. Tangawizi haina hatari kwa watu wengi. Kuna uchunguzi uliokuta inatuliza tumbo, na mwingine haukuona tofauti.

Mwenye kifafa aulize daktari kabla ya kuanza, kwa sababu ya mwanga unaomulikamulika. Na kizunguzungu kisichoisha baada ya kulala usiku kucha si cha simuleta tena. Kikija kila unapojigeuza kitandani, au kikiandamana na sikio kuvuma au kupoteza uwezo wa kusikia, nenda hospitali ukapimwe masikio. Ukiona vitu viwili viwili, mkono au mguu ukilegea, au maneno yakigoma kutoka vizuri, usingoje kesho. Mwambie daktari ni lini ulianza kutumia kifaa hicho na kwa muda gani kila siku, maana si madaktari wote watakaokumbuka kukuuliza.